Kosa Katika CV Limegunduliwa Wakati wa Uhakiki: Mwongozo Kamili kwa Waomba Kazi wa Lubumbashi

Ujumbe unaonifikia kutoka kwa waomba kazi wa hapa Lubumbashi umekuwa ule ule kwa muda mrefu: mtu amefaulu mahojiano, amepimwa afya, ameambiwa asubiri mkataba, kisha barua pepe inaingia ikisema kwamba taarifa fulani katika CV yake hailingani na kile ambacho wahakiki wamekikuta. Wengi wa wanaoniandikia hawakudanganya. Walikosea. Hata hivyo wanaikosa kazi, na wanaikosa kwa njia tatu zile zile: wananyamaza wakitumaini kwamba jambo litapita, wanajibu kwa simu wakiwa na hofu na kutoa maelezo mapya yasiyolingana na ya kwanza, au wanakimbilia karatasi ya kutengenezwa.

Mwongozo huu ni wa aliyekosea kwa nia njema. Aliyenunua diploma, au aliyejiandikia miaka ya kazi ambayo hakuifanya, hatapata msaada hapa, na namwomba asiitumie barua iliyo hapo chini kufunika jambo lake.

## Vitu vya kuwa navyo mezani kabla ya kujibu

Usianze kuandika neno lolote kabla hujavikusanya hivi:

- CV ile ile uliyoituma, si ile iliyo kwenye simu yako leo. Ifungue kutoka katika barua pepe uliyoituma, kwa sababu wengi wetu tuna CV nne au tano zinazotofautiana.
- Fomu uliyoijaza kwa ajili ya uhakiki, pamoja na karatasi uliyotia sahihi kuruhusu uhakiki huo.
- Mikataba ya kazi, karatasi za mshahara (angalau ya kwanza na ya mwisho kwa kila mwajiri) na cheti cha mwisho wa kazi, ambacho kwenye karatasi zetu huitwa «attestation de fin de service».
- Diploma ya serikali (ile ya kumaliza sekondari) na diploma za chuo, au hati ya kufaulu ikiwa diploma yenyewe bado haijatoka, pamoja na karatasi za alama za kila mwaka.
- Namba yako ya CNSS (mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii), au ya INSS, jina lake la zamani, ikiwa ulianza kazi kabla jina halijabadilika.
- Kadi ya mpiga kura au pasipoti, ile ambayo jina lake ulilitumia kwenye fomu.
- Daftari na kalamu. Nitaeleza sababu yake katika hatua ya pili.

Kama kitu kimoja kati ya hivi kimepotea, andika kwamba kimepotea na uendelee. Kukosa karatasi moja hakuzuii kazi hii. Kinachoizuia ni kuanza kubuni.

## Hatua ya 1: Kiri kupokea, lakini usieleze bado

Siku hiyo hiyo ujumbe ulipofika, jibu kwa mistari miwili tu: kwamba umeupokea, kwamba unaangalia hati zako, na kwamba utatoa jibu kamili kwa maandishi katika siku fulani unayoitaja. Siku mbili za kazi zinatosha kwa makosa mengi. Kama ujumbe wao haukutaja wazi ni taarifa ipi isiyolingana, waulize hapo hapo: ni mstari upi, na wao wamekuta nini mahali pake?

Swali hilo si utovu wa adabu. Kanuni ya Dijitali ya nchi yetu ya Kongo, iliyotoka mwezi wa Machi 2023, inampa mtu haki ya kujua taarifa zake zinazoshughulikiwa na kuomba zirekebishwe. Huna haja ya kuwatajia sheria hiyo. Uliza tu kwa upole, lakini uliza.

Wakikupigia simu, sema hivi: «Ninashukuru kwa kunipigia, nitawaandikia kesho nikiwa na hati mbele yangu.» Mimi mwenyewe niliharibu hapa. Miaka ya nyuma kampuni moja ya kigeni ilinipigia kuhusu mwaka wa diploma yangu, nami nikajibu nikiwa nimesimama kando ya barabara, teksi zikipiga honi, nikarudia kwa Kiingereza kibovu mwaka ule ule uliokuwa na kosa. Mara ya pili ndiyo iliyowatia shaka, si ya kwanza. Ilinichukua majuma mawili kurekebisha jambo ambalo barua moja ingelimaliza.

Umefaulu hatua hii ikiwa wao wana tarehe ya kutarajia jibu lako, na wewe una maneno kamili ya kile walichokikuta.

## Hatua ya 2: Chora safu nne kwenye daftari

Gawanya ukurasa katika safu nne: CV inasema nini, fomu inasema nini, karatasi rasmi inasema nini, na mhakiki amekuta nini. Kisha pitia kila kazi na kila shule, mstari kwa mstari, hata zile ambazo hawakuziuliza.

Kwa nini zote? Kwa sababu mwajiri anaweza kusamehe kosa moja lililoelezwa vizuri, lakini kosa la pili, likigunduliwa na yeye juma moja baada ya wewe kuapa kwamba umesahihisha kila kitu, litabadilisha maana ya lile la kwanza. Ukikuta kosa jingine, litaje wewe katika barua hiyo hiyo.

Soma kwa sauti, na ikiwezekana mtu mwingine awe na karatasi huku wewe ukisoma CV. Nilifanya hivyo na yaya yangu, yaani ndugu yangu mkubwa, ambaye CV yake ilichapwa katika kibanda cha kompyuta kwenye barabara ya kwenda Kasapa. Tulikuwa tumekaa kwenye baraza, bukari (ugali wetu) ikipoa, naye akasoma: lugha, Kifaransa vizuri, Kiswahili vizuri, Kiingereza vizuri sana. Akanyamaza, akanitazama. Hajui Kiingereza. Mchapaji alikuwa amefungua CV ya mteja aliyetangulia na kuandika juu yake, na mstari ule ukabaki. Yaya alikuwa amelipa, akachukua nakala kumi na kuzigawa mji mzima bila kuzisoma.

Umefaulu hatua hii ikiwa kila mstari wa CV una karatasi inayoushuhudia, au alama ya kuonyesha kwamba hauna.

## Hatua ya 3: Litambue kosa lako ni la aina gani

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu, kwa maana kila kosa lina dawa yake, na anayelieleza vibaya kosa dogo hulifanya kubwa.

Jina la mwajiri. Hili ndilo linaloongoza katika mji wetu, na nadhani chanzo chake ni lugha yenyewe. Tukisema «nilitumika ku Kinsevere», yaani nilifanya kazi kwenye mgodi wa Kinsevere, tunataja mahali. Hatujataja nani alitulipa. Mtu anavaa kofia ya mgodi, anapita kwenye lango la mgodi, anakula kwenye kantini ya mgodi, lakini mkataba wake na karatasi yake ya mshahara vina jina la mkandarasi mdogo, yule tunayemwita «sous-traitant», au la kampuni iliyomkodisha kama kibarua. Katika CV anaandika jina la mgodi. Mhakiki anauandikia mgodi, ofisi ya wafanyakazi inatafuta katika orodha yake na kujibu kwamba haimjui. Kwenye ripoti linaonekana kama uongo wa moja kwa moja, ingawa mtu huyo alishinda mgodini miaka miwili na nusu.

Dawa yake ni kuandika mwajiri halisi kwanza, kisha mahali: jina la mkandarasi mdogo, halafu «katika eneo la mgodi fulani». Angalia pia kama kampuni ilibadilisha mmiliki au jina. Aliyefanya kazi Kinsevere kabla ya mwaka 2012 alikuwa chini ya Anvil Mining, na waliofuata wakawa chini ya MMG. Anayeandika jina la leo kwa kazi ya mwaka 2009 hajadanganya, lakini karatasi zake zitasema jambo jingine. Andika jina lililo kwenye karatasi ya mshahara ya wakati ule, kisha jina la sasa kando yake.

Tarehe. Kuna mitego mitatu. Wa kwanza ni fomu za kigeni: fomu ya Kimarekani huanza na mwezi, hivyo 03/07/2019, ambayo kwetu ni tarehe 3 Julai, wao wanaisoma kuwa tarehe 7 Machi, na tayari una miezi minne ambayo hakuna anayeweza kuithibitisha. Andika mwezi kwa herufi kila mara. Wa pili ni mwezi ulioanza kazi dhidi ya mwezi uliotia sahihi. Wengi walianza kama vibarua au katika staji (mafunzo ya kazini) kabla ya mkataba, na mwajiri wa zamani huthibitisha mkataba tu. Wa tatu ni mwaka wa masomo. Mwaka wa masomo wa 2019–2020, kwa mfano, ulikatizwa vyuo vilipofungwa mwezi wa Machi 2020 kwa sababu ya korona, na migomo nayo imesogeza miaka mingine mingi. Anayeandika mwaka ulio kwenye jina la mwaka wa masomo atatofautiana na anayesoma tarehe ya diploma. Hilo ndilo lililokuwa kosa langu.

Jina la diploma. Mfumo wa zamani ulikuwa na gradua ya miaka mitatu, kisha lisansi ya miaka miwili juu yake, yaani miaka mitano kwa jumla. Mfumo mpya wa LMD (lisansi, masta, udaktari), ulioenezwa kwenye vyuo kuanzia mwaka wa masomo wa 2021–2022, una lisansi ya miaka mitatu na masta ya miaka miwili. Neno ni moja, miaka si ile ile. Mwenye lisansi ya zamani anayejaza fomu ya Kiingereza hujikuta akichagua «masta», kwa kuwa amehesabu miaka mitano, na mhakiki hakuti masta yoyote kwenye diploma. Usitafsiri cheo cha diploma. Kiandike kwa Kifaransa kama kilivyo kwenye hati, kisha ongeza idadi ya miaka. Na kama ulimaliza masomo bila kutetea kazi ya mwisho, neno lake ni «finaliste», wala si «licencié», yaani mwenye lisansi. Nalisema hili bila kumung'unya maneno, kwa sababu hapo tunakaribia mpaka kati ya kukosea na kujipandisha cheo.

Majina. Tuna jina, jina la pili na jina la ubatizo. Fomu ya kigeni ina nafasi mbili tu. Ukijaza kwa mpangilio mmoja na chuo kikawa na mpangilio mwingine, au kadi ya mpiga kura ikawa imeongeza herufi, mhakiki atasema mtu huyo hayupo. Kosa hili ni jepesi: waandikie majina yako yote kwa mpangilio wa kila hati, pamoja na nakala zake.

Cheo cha kazi. Ulikuwa msaidizi wa ghala, lakini mkuu alipoondoka uliongoza ghala miezi minane, nawe ukaandika «mkuu wa ghala». Hapa kuwa mwangalifu. Kazi uliifanya, cheo hukupewa. Andika cheo cha mkataba, kisha eleza majukumu kwenye mstari wa chini.

Umefaulu hatua hii ukiweza kulieleza kosa lako kwa sentensi moja, bila neno «lakini».

## Hatua ya 4: Tafuta karatasi ya kweli

Kwa kazi ya zamani, anza na cheti cha mwisho wa kazi. Kanuni ya Kazi, yaani sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inamtaka mwajiri ampe kila anayeondoka cheti kinachoonyesha aina ya kazi, muda wake, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, na namba ya hifadhi ya jamii, bila kuongeza maneno mengine. Kama hukukichukua siku ile, andika barua ya kukiomba, nenda nayo ukiwa na nakala mbili, na uombe nakala yako ipigwe muhuri wa kupokelewa. Nakala hiyo yenye muhuri ina thamani hata kabla ya jibu: inamwonyesha mwajiri mpya kwamba unashughulika.

Kampuni ikiwa imefungwa au mkandarasi ameondoka mji, kusanya vitu vidogo vinavyosema jambo moja: mkataba, karatasi za mshahara, kadi ya kuingilia mgodini, taarifa ya benki inayoonyesha jina la aliyekulipa, na michango yako kwa CNSS. Ofisi ya CNSS huenda isiwe na kila kitu, maana wapo waajiri waliokata fedha za wafanyakazi bila kuzipeleka, lakini kilichopo huko kinaaminika kuliko barua ya rafiki.

Kwa chuo, omba hati kwenye ofisi inayoshughulikia wanafunzi, ukitaja kitivo, mwaka wa masomo na namba yako ya usajili. Nenda asubuhi, na usiondoke bila jina la ofisi iliyopokea ombi lako.

Onyo kubwa: kwenye malango ya ofisi hizi utakutana na kijana mpole atakayesema kwamba karatasi hiyo anaweza kukupatia jioni, ikiwa na tarehe uitakayo. Kughushi hati ni kosa la jinai katika Kanuni ya Adhabu. Zaidi ya hapo, utakuwa umechukua kosa la kalamu, ambalo lilikuwa na maelezo, na kulibadilisha kuwa jambo lisiloelezeka. Kwaheri, kijana, endelea na safari yako.

## Hatua ya 5: Andika maelezo, mafupi

Barua iwe katika lugha ya aliyekuuliza, mara nyingi Kifaransa au Kiingereza. Iandike kwanza kwa Kiswahili ili uone kama umeielewa mwenyewe, kisha mpe anayeijua lugha hiyo vizuri akusaidie. Mfano wa kosa la jina la mwajiri ni huu:

«Nawashukuru kwa ujumbe wenu wa tarehe 12 Mei. Katika CV niliyowatumia, kwa kazi ya kuanzia Machi 2017 hadi Agosti 2019, niliandika jina la kampuni ya mgodi kama mwajiri wangu. Si sahihi. Mwajiri wangu alikuwa mkandarasi mdogo ambaye jina lake liko kwenye mkataba ulioambatanishwa, nami nilifanya kazi katika eneo la mgodi huo kwa muda wote uliotajwa. Aina ya kazi, tarehe na mahali havibadiliki. Kosa ni langu, na naomba radhi kwa usumbufu. Naambatanisha mkataba, karatasi mbili za mshahara na CV iliyosahihishwa. Nimeyapitia maelezo mengine yote nikiwa na hati zake mbele yangu, na nimesahihisha pia mwezi wa kuanza staji, ambao ulikuwa Februari badala ya Januari.»

Angalia kilichomo: walichokikuta, kilicho kweli, kisichobadilika, nani amekosea, na ushahidi. Angalia pia kisichokuwamo: watoto wanaokutegemea, kodi ya nyumba, Mungu, na mchapaji wa Kasapa. Najua mchapaji ndiye aliyekosea. CV ina jina lako, si lake, na msomaji anayeona lawama kwa mtu wa tatu huanza kutafuta lingine unaloficha.

Barua ikizidi ukurasa mmoja, ikate.

## Hatua ya 6: Waarifu wadhamini wako

Wapigie uliowataja kama mashahidi wa kazi yako, uwaeleze kwamba umesahihisha jambo fulani na kwamba huenda wakaulizwa. Mweleze mkuu wako wa zamani ukweli ule ule ulioandika: «Papa, nimewaandikia kwamba mkataba wangu ulikuwa na mkandarasi, si na mgodi.» Ishia hapo. Usimpe maneno ya kusema, na usimwombe akumbuke tarehe zinazokufaa. Watu wawili wanaotumia sentensi ile ile moja hawaaminiki.

## Hatua ya 7: Tuma, fuatilia, na ujue majibu yanayowezekana

Tuma kila kitu kwa barua pepe moja, hati zikiwa zimepewa majina yanayosomeka. Picha za simu zilizopigwa gizani zimechelewesha watu wengi kuliko makosa yenyewe. Ukikaa siku tano za kazi bila jibu, uliza mara moja kama hati zimefika na kama zinafunguka, kisha subiri.

Kabla hujapata mkataba mkononi, usiache kazi uliyonayo. Nimewaona watu walioaga kazini siku ile ile waliyopimwa afya.

Wakikubali, omba uthibitisho kwa maandishi kwamba CV iliyosahihishwa ndiyo iliyoingia kwenye faili lako. Kumbuka kwamba kipindi cha majaribio kinaweza kufika miezi sita kwa mfanyakazi asiye kibarua wa kawaida, na uhakiki mwingine huendelea ndani ya kipindi hicho. Faili lenye CV ya zamani litakurudisha mwanzo.

Wakikataa, uliza kwa sentensi moja kama unaweza kuomba tena siku nyingine, na ushukuru. Ikiwa mkataba ulikuwa umekwisha kutiwa sahihi na wakauvunja, hapo una mgogoro wa kazi: unapelekwa kwanza kwa mkaguzi wa kazi kwa ajili ya usuluhishi, kabla ya mahakama ya kazi. Nenda na daftari lako la safu nne, na nakala ya kila barua ikiwa na tarehe yake.

## Hatua ya 8: Lifute kosa kila lilipobaki

CV yenye kosa bado iko kwenye faili la ONEM (ofisi ya taifa ya ajira), kwenye kurasa za kazi mtandaoni, kwa binamu aliyeahidi kuipeleka Kolwezi, na kwa waajiri wengine ambao hawajakujibu. Watumie wote ile mpya, ukisema tu kwamba inachukua nafasi ya ile ya tarehe fulani. Ipe jina la faili lenye mwezi na mwaka ili usizichanganye tena, na ile ya zamani iweke katika folda ya pekee badala ya kuitupa, kwa sababu siku moja utaulizwa ulimwandikia nani nini. Kisha rudi kwenye kibanda ulikochapia, ukae kando ya mchapaji, na umwombe aifute ile ya zamani kwenye kompyuta yake ukiwa unaangalia, kabla mteja anayefuata hajaandikiwa ya kwake juu ya jina lako.